Hatua Zilizopigwa Kitini

2 Juni

Kwa Nesi wa chuo,

Salamu sana. Umeniomba nikuandikie habari yangu na mjukuu wangu na ile programu ya simu, upate kuwasomea wanafunzi wapya. Umefanya vizuri kuja kwangu mwenyewe, maana wengine wote wanaisimulia vibaya. Fundi viatu wa mlango wa pili anasema nilifunga simu kwenye mkia wa mbuzi. Mbuzi sina, na ningekuwa naye asingekubali. Dada yangu anasema mimi ndiye niliyemfundisha mtoto kudanganya. Huyo tangu utotoni kila kinachovunjika ni mimi. Mjukuu mwenyewe akianza kusimulia anaanzia katikati, anacheka, anaishia hapo, na watu wanaondoka mikono mitupu.

Basi nakutumia barua zenyewe, zake na zangu, nimezipanga kama zilivyotoka na kunifikia. Usishangae mwandiko. Shule mimi niliisikia kengele tu. Kusoma nilijisomea kwenye magazeti ninayofungia nguo za wateja, ndiyo maana najua mambo mengi ya dunia lakini kila moja linaishia pale karatasi ilipokatwa. Na usiulize kwa nini hatukupigiana simu. Simu sikioni mwangu ni nyuki ndani ya kopo, na kidole changu kimoja kinabonyeza herufi tatu.

Soma taratibu. Mimi niko hapa.

Fundi Cherehani


3 Februari

Babu, shikamoo,

Natumaini simu imefika. Ni ile yangu ya zamani, kioo kimepasuka pembeni lakini inafanya kazi. Kile kipicha cha unyayo ndiyo programu yenyewe. Inahesabu hatua zako ukiwa umeiweka mfukoni. Kwangu mimi, ikiwa kitandani, inaandika pia saa za kulala, na inaniuliza nimekula nini na nimekunywa maji kiasi gani. Kila mwanafunzi amechagua mtu mmoja wa nyumbani awe mwenzake, na kila mmoja anaona mambo ya mwenziwe. Siku mkitimiza wote wawili, linawaka duara la kijani. Mkishindwa, jekundu. Nimekuchagua wewe kwa sababu daktari alishakwambia uache kukaa kutwa nzima kwenye kiti.

Babu, kwangu hili si mchezo. Unakumbuka nilivyoanguka chumba cha mtihani mwaka jana. Nesi amesema tarehe kumi na nne Aprili ataangalia chati yangu. Kama bado silali wala sili, narudishwa nyumbani mwaka mzima kupumzika. Wenzangu watamaliza masomo ya upimaji ardhi, mimi niko barazani nakushikia tepu. Tafadhali, tembea.

Mjukuu wako,
Kijiti


10 Februari

Mjukuu wangu, mtani wangu,

Marahaba. Simu imefika, nimeitia mfuko wa suruali wa kulia.

Sasa tafuta pa kukaa. Siku ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana, hatua elfu kumi na nne. Ya pili, elfu kumi na sita. Umri wangu unaujua? Hata mimi siujui vizuri, ila ni mkubwa. Nyinyi vijana mkipanda ngazi mbili mnatafuta ukuta wa kuegemea.

Nimekwenda mpaka kiwanda cha matofali na kurudi. Pale getini mbwa wa mlinzi alinijia mbio, meno nje. Alipouona mwendo wangu akasimama, akakaa chini, akaniangalia nikipita kama mtu anayeangalia gwaride. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, unawahi wapi?" Nikamjibu, "Siwahi popote, mguu ndio umenizoea hivi."

Wewe kula. Mara ya mwisho nilipokupima kiuno, tepu iliyobaki ilikuwa nyingi kuliko iliyotumika.

Babu yako, Fundi


19 Februari

Babu, shikamoo,

Umetisha. Tuko wa kwanza. Jozi mia mbili na kumi na mbili chuo kizima, na juu kabisa ni sisi. Nesi amebandika karatasi ukutani pale bwalo la chakula, watu wanasimama na sahani zao wanasoma: Kijiti na Babu. Mwenzangu wa chumba amechagua mama yake, ambaye anafundisha watoto kuruka kamba, na bado hakufikii.

Mimi usinihofie. Nakula mara tatu, maji nakunywa, nalala saa nne kamili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Chati yangu yote ni ya kijani, haina hata doa.

Kijiti


27 Februari

Mjukuu wangu,

Barua yako nimemsomea fundi viatu mara mbili, ya pili kwa sababu alijifanya hakusikia. Tangu hapo ananiamkia.

Jana elfu ishirini na sita. Nimepata kazi ya sare za shule nzima, suruali mia na sketi mia, na bado hatua zinapanda. Unaona ajabu hiyo? Wengine kazi inawachosha, mimi inanitembeza. Mwambie nesi akitaka kuja kunipiga picha miguu, aje asubuhi, mchana kuna joto.

Ila nikuulize kitu kidogo. Wewe unaota ndoto? Zamani ulikuwa unaota sana.

Babu yako, Fundi


8 Machi

Babu,

Shikamoo, ingawa leo nakuamkia kwa shingo upande.

Jana mwenzangu wa chumba amenionyesha kwamba programu ina ukurasa wa ramani. Ukitembea unachora mstari. Mama yake amechora mtaa mzima, kama buibui. Nikafungua wa kwako. Babu, hatua elfu ishirini na sita, na kwenye ramani kuna kitone kimoja. Kitone hicho kiko pale palipo kiti chako. Nimekikuza mpaka nikaona bati la paa letu.

Nimecheka mpaka nikashikilia kitanda, halafu nikakasirika. Mguu kwenye pedeli ya cherehani, simu mfukoni, na wewe unaniandikia habari za mbwa. Daktari alisema utembee, hakusema ushone haraka. Goti likikufa nani atakubeba? Mimi huku kila kitu changu ni kijani, wewe ndiye unayetuharibia.

Kijiti


15 Machi

Mjukuu wangu,

Haya, umenikamata. Fundi mzima nimeshikwa na kitone.

Siku ya kwanza namba zilipopanda nimekaa, nilidhani simu ina huruma na wazee. Siku ya tatu nikaelewa. Nikikanyaga pedeli, paja linainuka, nayo inaamini natembea. Ningekwambia, lakini ukaniandikia tuko wa kwanza, na kuamkiwa na fundi viatu ni kitu nilichokingojea miaka kumi na tisa. Kiwanda cha matofali sijakiona tangu kilipofungwa. Mbwa nilimtengeneza mwenyewe. Alikuwa mbwa mzuri, nasikitika kumwacha.

Sasa zamu yako.

Nimeikalia hii simu mwezi na zaidi, na mimi macho ninayo. Unalala saa nne kamili, unaamka saa kumi na moja kamili. Siku thelathini na tano. Hakuna siku umechelewa dakika mbili. Hakuna siku umeamka kwenda msalani. Hakuna hata siku umegeuka ubavu. Mwanangu, mimi nimeshona maisha yangu yote. Suruali ikiletwa hapa na pindo limenyooka namna hiyo, siulizi ni fundi gani aliyeshona, najua ni mashine ya kiwandani. Mkono wa mtu huyumba kidogo. Na wewe nimekulea mimi. Ulikuwa unaanza kichwa kwenye mto, asubuhi mto tunaukuta miguuni na mguu mmoja uko usoni kwa dada yangu.

Hiyo iliyolala ni simu yako. Wewe uko wapi?

Hapa sitanii.

Babu


27 Machi

Kijiti,

Siku kumi na mbili sijapata kitu. Kama umekasirika, andika umekasirika. Neno moja linatosha, hata la kunitukana.

Babu


26 Machi
(hii ilinifikia tarehe 31)

Babu, shikamoo,

Barua hii nimeianza mara tano.

Ni kweli. Simu inalala kitandani kwangu, nimeifunika shuka. Mimi nakuwa chumba cha kujisomea mpaka saa nane, mara nyingine saa tisa. Chakula nacho nabonyeza tu. Inauliza, "Umekula asubuhi?" naijibu ndiyo, huku nafunga viatu nakimbilia darasani. Maji pia. Mwaka jana baada ya kuanguka nilifeli masomo mawili, na kila nikilala naona kama wenzangu wanasoma juu ya kichwa changu.

Kuna jingine. Tarehe kumi na moja Machi tulikuwa uwanjani tunapima mteremko. Mimi nimeshika ile fimbo ndefu ya namba, mwenzangu yuko mbali anachungulia kwenye darubini ya kupimia. Anasema aliona namba, akaona mkono wangu, halafu akaona nyasi. Akapiga kelele, "Kijiti, simamisha fimbo." Alikuja kunikuta chini, fimbo imenilalia kifuani. Nilimwomba mwalimu asimwambie mtu.

Jioni ile simu ikalia. Duara la kijani. "Hongera, umetimiza siku ya leo." Nililia, Babu. Nililia kwa kupongezwa.

Sasa nifanyeje? Tarehe kumi na nne nakwenda kwa nesi. Nikimwonyesha chati ya kijani, nabaki. Nikianza kuandika ukweli sasa hivi, atakuta nyekundu tupu, na narudi nyumbani.

Kijiti


1 Aprili

Mjukuu wangu,

Fumua.

Ndiyo kazi ninayoijua. Mteja akileta nguo iliyoshonwa vibaya, anataka niitie kiraka juu, isionekane. Nikiitia kiraka ataivaa vizuri mpaka mlangoni. Mimi nachukua kiwembe, nafumua uzi mmoja mmoja, na yeye anaguna maana kitambaa kimebaki na vitundu. Vitundu vinafutika kwa kufuliwa.

Leo hii hii iandikie simu ukweli. Hukula, andika hukula. Umelala kwa muda wa saa nne tu, andika saa nne. Iwe nyekundu kama pilipili. Halafu nenda kwa nesi kabla hajakuita, umwambie ya fimbo kwa mdomo wako mwenyewe. Akikurudisha, utakuja, kiti kipo, na mwaka mmoja nimewahi kuupoteza nikitafuta mkasi uliokuwa shingoni kwangu. Asipokurudisha, utasoma ukiwa umeshiba. Ila hiyo ya tatu, ya mimi kuletewa habari kwamba safari hii hukuinuka pale kwenye nyasi, hiyo siitaki kwenye barua yoyote.

Na mimi nimeanza upya. Simu naiacha juu ya kabati nikishona, naitia mfukoni nikitoka. Jana hatua mia tisa. Goti lilinitukana njia nzima. Ramani nimemwambia binti wa duka la vifungo aizime, mtu mzima hachungwi. Utaniamini kwa neno langu. Najua neno langu lina historia, lakini ndilo nililonalo.

Babu yako, Fundi


10 Aprili

Babu, shikamoo,

Nimefumua.

Tumeanguka. Tulikuwa wa kwanza, sasa tuko wa mia moja na arobaini na tatu. Watu bwaloni wananiuliza kama babu yangu amefariki. Nimewaambia hapana, ameanza kutembea.

Nilikwenda kwa nesi tarehe saba. Nilimwambia yote: simu chini ya shuka, kubonyeza, fimbo. Alisikiliza, akaandika, akageuza karatasi, akaandika nyuma pia. Halafu akasema, "Tarehe kumi na nne iko palepale." Uso wake hausomeki.

Siku zangu mpya ni hizi: ya kwanza nililala kwa muda wa saa nne na nusu, nyekundu. Ya pili saa tano, nyekundu. Asubuhi nakula uji na yai, nyekundu bado kwa sababu ya maji. Juzi nililala kwa saa sita nikageuka mara thelathini na moja, programu imehesabu. Nilifikiri utafurahi.

Nitakuandikia siku ileile ya kumi na nne, au kesho yake.

Kijiti


18 Aprili

Mjukuu wangu,

Barua yako haijafika, na wala sikuwa naingojea. Nimetulia kama maji mtungini. Mambo ya nesi ni ya nesi.

Nakuandikia kwa sababu nyingine kabisa. Leo, kwa miguu yangu, simu mfukoni, cherehani imefunikwa shuka tangu asubuhi, nimepiga hatua elfu kumi na tisa mia mbili na nne. Hizi ni za ardhini. Nimekwenda mpaka daraja la chuma na kurudi, nikala, nikaona bado nina nguvu, nikaenda tena. Watu walitoka madukani. Mwendesha baiskeli mmoja alinipita, akageuka kuniangalia, nikampita mimi.

Hilo duara liangalie wewe mwenyewe. Kijani.

Babu yako, Fundi


15 Aprili
(hii ilinifikia tarehe 19 asubuhi)

Babu,

Nabaki.

Ningeandika hivyo tu na kulamba bahasha, lakini najua utataka na mapindo yake.

Nesi alikuwa na karatasi mbili mezani. Moja ni chati yangu ya zamani, ya kijani. Nyingine ni ya siku hizi tisa. Akaniambia mwalimu alimweleza habari za kuanguka kwangu jioni ileile ya tarehe kumi na moja, hakungoja nimalize kumwomba. Kwa hiyo mwezi mzima nesi alikuwa anajua. Alikuwa anaangalia chati inayosema nimelala vizuri, nimekula vizuri, na huku anajua nilikuwa chini ya fimbo. Akasema, "Ungeniletea hii ya kijani leo, mizigo ungefunga kesho. Mtu anayenidanganya siwezi kumtibu." Halafu akachukua ile nyekundu, akaipitia kwa kalamu, siku kwa siku. Usingizi wa saa nne na nusu, tano, tano, sita, sita na robo. Akasema, "Huyu namfahamu. Huyu anapona."

Masharti yapo. Kila asubuhi nakula meza moja na yeye mpaka mwisho wa muhula, na anatafuna polepole, Babu, utadhani anahesabu. Masomo mawili niliyofeli nayarudia mwakani, badala ya kusoma yote kwa pamoja sasa. Chumba cha kujisomea nafukuzwa saa tatu na nusu usiku, jina langu ameliacha kwa mlinzi.

Jana nimelala kwa saa saba nzima. Mwenzangu wa chumba anasema asubuhi mto ulikuwa sakafuni.

Kijiti, wa mia moja na thelathini na nane


6 Juni

Kwa Mzee Fundi,

Shikamoo. Barua zimefika salama, nimezisoma zote kwa mkupuo mmoja na chai ikapoa. Nitawasomea wanafunzi wapya, kwa ruhusa yako na ya Kijiti. Anaendelea vizuri. Tangu Machi hajaanguka, na uji anaumaliza kabla yangu.

Nina swali dogo. Hatua zako za tarehe kumi na nane Aprili ndizo nyingi kuliko za mzee yeyote kwenye programu yetu, nami ningependa kuwatajia vijana safari yenyewe. Lakini mfanyakazi mwenzangu ametokea mji wenu. Anasema daraja la chuma liko nje kabisa, kwenda na kurudi mara mbili ni siku nzima hata kwa kijana, na tangu mwaka jana njia yake imefungwa kwa matengenezo. Labda ni daraja jingine?

Nesi


12 Juni

Kwa Nesi wa chuo,

Marahaba. Huyo mwenzako ana macho marefu, mpe salamu, mwambie siku akija mjini asipite kwangu.

Barua zote ni za kweli, neno kwa neno, hata pale ninapoonekana mjinga. Hatua ni za kweli pia, elfu kumi na tisa mia mbili na nne, na zilipigwa ardhini. Daraja ndilo nililolitunga, na yule mwendesha baiskeli.

Kutoka mlangoni kwangu mpaka posta ni hatua mia nane. Siku ile nilikwenda na kurudi mara kumi na mbili.

Fundi Cherehani